Ukumbusho Ukutani: Vya Kale na Vya Leo Katika Salo Moja

Jambo yenu wote, wababa na wamama, na ninyi vijana mliosimama kule nyuma. Sogeeni, viti bado vipo. Asanteni kwa kuja na vumbi hili la mwezi wa nane.

Naomba kila mmoja afumbe macho kidogo, arudi katika nyumba aliyolelewa. Simama mlangoni. Tazama salo, au sebule kama wanavyosema ndugu zetu wa Tanzania. Kwenye ukuta ule unaoonekana kwanza, kulikuwa na nini?

Nimeuliza swali hili katika nyumba nyingi za Lubumbashi, maana kwa zaidi ya miaka 20 kazi yangu ni kupanga nyumba za watu, kurekebisha viti vyao vya foteyi na kuwachagulia rido za madirisha. Katika mitaa yetu ya Katuba, Kenya, Ruashi na Kamalondo, watu wa rika langu hawafikirii mara mbili. Kulikuwa na picha. Mmoja anakumbuka mamba muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki na nyoka mabegani. Mwingine anakumbuka mfungwa amelazwa kifudifudi, askari ameinua fimbo, Mbelgiji amesimama pembeni na kofia yake nyeupe. Wengine wanakumbuka kijiji tu: mto, mitumbwi, moshi wa jioni.

Picha zile wazee wetu waliziita ukumbusho. Lisikilizeni vizuri neno hilo. Linatoka katika kukumbusha, halitoki katika kukumbuka. Mtu anakumbuka peke yake, moyoni. Kukumbusha kunahitaji wawili: kitu kinakugusa, na wewe unafungua kinywa. Mgeni alikaa, akapewa maji, macho yake yakapanda ukutani, na baba akaanza kusimulia. Picha ilikuwa na kazi ndani ya nyumba, kama mbabula, jiko letu la makaa, ilivyo na kazi jikoni.

Nimekuja kwenu na jambo hilo moja. Watu wananiuliza namna ya kuchanganya vitu vya kale na vipya bila nyumba kuonekana soko au ghala. Wanategemea niwape hesabu: vya kale vitatu, vipya saba. Sina hesabu hiyo. Kitu cha kale ninakiuliza: wewe unamfanya mwenye nyumba huyu aseme nini? Kikimfanya aseme, kinastahili mahali pazuri, hata kama ni kibovu. Kisipomfanya aseme lolote, hata kama kilinunuliwa kwa dola nyingi, kinaweza kungoja chumbani.

Mji wetu una utajiri mkubwa upande huu, na vijana wengi hawaujui. Mwaka 1946, mji ungali unaitwa Elisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua hapa karakana ya wachoraji iliyoitwa Le Hangar. Hakuwapa wanafunzi wake picha za Ulaya wazinakili. Ndipo walipotokea Pilipili Mulongoya na samaki wake na ndege wake, Mwenze Kibwanga na mistari yake mifupi iliyojaza kitambaa chote, na Bela Sara aliyechora kwa ncha za vidole badala ya burashi. Baadaye, katika miaka ya 1960 na 1970, wakaja wachoraji wa mtaani, waliotembeza kazi zao mlango kwa mlango, wakiwauzia wafanyakazi wenye mshahara wa mwezi. Mmoja wao ni Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947. Kitambaa chake kilikuwa gunia la unga, limefunguliwa na kuwambwa. Katika mwaka 1973 na 1974 alichora historia ya nchi yetu yote, picha karibu 100, tangu wazee wa kale hadi siku zake. Mfululizo huo leo uko Amsterdam, kwenye jumba la makumbusho.

Ninaumia kila nikisema hivyo. Lakini ninajua pia kwamba gunia moja moja la wakati ule bado liko katika mji huu, nyuma ya kabati, limekunjwa, limefungiwa blanketi kuukuu. Kama liko kwenu, litoeni. Msilikunje tena, rangi inavunjika pale penye mkunjo. Lilazeni juu ya meza, mpeni seremala alitengenezee fremu ya mbao nyepesi, na mwache nafasi ya kidole kimoja kati ya kitambaa na ukuta, hewa ipite. Hapa masika yanaleta unyevu kwenye matofali, na ukuta unaokunywa maji utaila picha kutoka nyuma nawe huoni. Lisitazamane na dirisha la upande wa magharibi. Halafu teremsheni msumari! Karibu kila nyumba ninayoingia, picha iko juu sana, chini kidogo ya plafo, yaani dari. Nyumbani watu wamekaa. Basi kaa kwenye kiti chako, mtu mwingine ainue na kuteremsha picha polepole, mpaka useme "hapo". Hapo ndipo pa kupiga msumari.

Na rangi ya ukuta wenyewe? Nendeni Makwacha, nje ya mji, wakati wa kiangazi kama huu. Wanawake wa kijiji kile hupaka nyumba zao udongo wa rangi, mweupe, wa manjano, mwekundu, mweusi, wanachora kwa mikono yao maumbo makubwa ukutani. Mvua ikija inaosha, na kiangazi kingine wanaanza upya. Mimi nimejifunza kwao kwamba udongo wa hapa unakubaliana na karibu kila kitu cha hapa. Ukuta mmoja tu wa salo, ule wa picha, niliupaka nyumbani kwangu udongo mwekundu uliochekechwa, maji, na gundi nyeupe ya seremala kidogo ili usichafue nguo. Kuta nyingine tatu ni rangi ya kawaida ya dukani. Usiku umeme ukikatika na tukiwasha mshumaa, ukuta ule unaonekana wenye joto kama mkate uliotoka kwenye tanuri.

Sasa niwaonyeshe nilichobeba. Hiki hapa, wengi mnakijua. Msalaba wa mukuba, yaani shaba nyekundu. Unaenea kwenye kiganja, na ni mzito. Mpitishe, taratibu. Wahenga wa Katanga, eneo hili letu, waliyeyusha mawe ya kijani wakati wa kiangazi, katika tanuri za udongo wa kichuguu, kwa makaa ya miti yetu, wakaumimina mukuba katika umbo lililochimbwa chini. Misalaba kama hii ilikuwa fedha. Ililipa mahari, ilinunua chumvi. Katika miaka ya 1950 wachimbaji wa mambo ya kale walifungua makaburi ya Sanga, kule kwenye maziwa ya Upemba, wakaikuta imelala pamoja na wafu. Na wenye umri wao wanakumbuka mitatu iliyowekwa kwenye bendera ya Katanga ilipojitenga mwaka 1960.

Kuhusu msalaba huu nina jambo linaloniuma. Nilipokuwa ninaanza kazi, mama mmoja alinipa wa kwake, alioachiwa na babu yake, nimtafutie mahali pa kuutundika. Niliona una weusi na ukijani, nikadhani ni uchafu. Nikachukua ndimu na chumvi, nikausugua jioni nzima. Ulitoka mwekundu, unang'aa kama sufuria mpya. Mama yule aliushika, akaugeuza upande mmoja na mwingine, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Wa babu uko wapi?" Sikuwa na jibu. Ule ukijani, ndugu zangu, una undugu na malakiti, lile jiwe la kijani lenye mukuba ndani. Mukuba ukikutana na hewa na unyevu kwa miaka mingi unaanza kurudia jiwe ulikotoka. Ndimu inakula ule ukijani, na jiwe la malakiti vilevile inalila, kwa hiyo msifute vijisanduku vyenu vya malakiti kwa siki wala ndimu. Kitambaa laini kikavu kinatosha. Tangu siku ile, kitu cha kale kikiingia mikononi mwangu, siku ya kwanza ninakitazama tu.

Neno la haraka kuhusu kununua. Wapo watu watakaowaletea sanamu na vigoda vya Kiluba usiku, vimefungwa kwenye gunia, na bei ya ajabu. Vingine vimechongwa mwezi uliopita na kufukiwa kwenye matope vizeeke. Vingine ni vya kweli, vimetolewa kwenye familia au mahali pa heshima bila ruhusa. Vyote viwili viacheni. Mkitaka kuona kazi ya kweli ya Waluba, makumbusho yetu yapo hapa mjini. Kwa nyumbani, mnunulieni mchongaji aliye hai, anayetia jina lake chini ya kazi. Kitu kipya cha mkono wa jirani kitakuwa cha kale nyumbani kwako, na utajua kimetoka wapi.

Wenye asili ya Kasai wananiuliza kuhusu vitambaa vya Wakuba, vile vya rafia vyenye manyoya kama mahameli. Wanaume wanafuma kitambaa, wanawake wanatia uzi mmojammoja kwa sindano na kuukata kwa kisu kidogo. Kipande kimoja ni kazi ya wiki, pengine ya miezi. Nimeona mtu amekifanya cha kukalia kwenye sofa! Tafadhali. Kishoneeni nyuma kwenye kitambaa kigumu cha pamba, mkitundike mbali na jua. Na karibu nacho msiweke chochote chenye maua. Hapo kitu kipya kinafaa sana: sofa ya rangi moja, isiyo na nakshi, iliyonyamaza. Ni kama katika mazungumzo, mzee akisema, kijana anasikiliza.

Sofa kubwa za ngozi ya bandia sizitukani. Watu wamezitolea jasho, na ni starehe kweli baada ya kutwa nzima mgodini au sokoni. Ninaomba tu msinunue seti nzima ya viti saba ikajaza salo mpaka mtu anapita upande upande. Nunueni sofa moja, kisha tafuteni zile foteyi mbili za mbao za wakati wa baba, zilizotupwa nyuma ya nyumba kwenye lupango, uani. Mbao zake mara nyingi ni nzima, kilichokufa ni mito. Sponji mpya, kitenge kizuri, misumari midogo ya shaba kuzunguka, na kiti kinasimama tena. Mbao ya namna ile leo ni ghali. Mnajua mti wa mukula ulivyokatwa katika miaka ya 2010 na kupakiwa kwenye malori, magogo kwa magogo, msitu ukabaki na visiki. Foteyi kuukuu ni mti ambao hautakatwa mara ya pili.

Televisheni ipewe ukuta wake. Ikiwekwa chini ya picha ya ukumbusho, picha imekufa, kwa sababu macho yanakwenda kwenye kinachotikisika. Ninapenda iwe ukuta wa pembeni, viti vikiwa nusu vinaielekea na nusu vinatazamana. Mtu mmoja alinikatalia kabisa, akasema wageni wake wanakuja kwa ajili ya mpira. Nikamwambia sawa, basi picha iende kwenye chumba cha kulia. Ikaenda, na huko ndiko watoto wake walikoanza kuiuliza maswali, mdomoni wana bukari, ugali wetu.

Cha mwisho ni hili sanduku. Vijana wawili wamenisaidia kulishusha kwenye gari, Mungu awabariki. Ni bati, lilikuwa la bluu. Baba wa mama yangu alikuja nalo kwa treni kutoka Kasai, kufanya kazi huku kwenye mukuba. Wakati ule mfanyakazi alipewa nyumba, posho na kitanda, lakini nyumba ilikuwa ya kampuni, na siku ya kuondoka uliiacha. Kitu chako hasa kilikuwa kile kilichoingia ndani ya sanduku. Kwa hiyo mimi sikuliweka juu ya kabati kama watu wengi wanavyofanya. Nililitengenezea miguu minne ya chuma, mifupi, kazi ya fundi wa kuchomelea wa hapa Katuba, vyuma vipya kabisa, vyeusi. Sikulipaka rangi. Juu nikaweka kioo kinene kilichokatwa kwa kipimo chake. Sasa ni meza ya katikati ya salo, tunawekea vikombe, na ndani yake kuna madaftari ya watoto.

Kwenye kifuniko, upande wa ndani, babu aliandika kwa msumari. Ni orodha: shuka mbili, kisu, sahani, shati la Jumapili. Chini yake kuna mwandiko mwingine, wa kalamu, wa mwanangu wa mwisho. Mwaka jana, bila kuniuliza, aliongeza vitu vyake: kalamu kumi, chaja, kiatu cha mpira. Kwanza nilikasirika. Kisha nilimwita, nikamwomba aandike na tarehe.

Njooni mbele mlione kabla hatujalirudisha garini. Anayetaka ainue kifuniko, lakini ashike kwa mikono miwili, bawaba ya kushoto imelegea.