Kabla ya Kununua Kiwanja: Kuisoma Historia ya Maafa ya Mkoa wa Mbeya

ATUPELE: Ugonile, msikilizaji, karibu tena. Mimi ni Atupele, niko na kaka Lusekelo, na leo tunaongelea tathmini ya maafa ya wilaya. Watu wanakaa chini wanaandika: hapa petu kumewahi kutokea nini, nini kinaweza kutokea tena, na kikitokea nani ataumia. Kaka, karibu.

LUSEKELO: Ndaga, dada. Niseme msimamo wangu mapema. Tathmini ikiishia kwenye kabati la halmashauri haijamsaidia mtu. Anayeihitaji kuliko wote ni yule kijana aliyejibana miaka akakusanya hela, sasa anapelekwa na dalali kuona kiwanja mwezi wa tisa, jua kali, korongo limekauka kabisa, na anaambiwa "hapa pazuri, pana upepo".

ATUPELE: Tutafika huko kwenye kiwanja. Kwanza, kazi yenyewe ni ya nani?

LUSEKELO: Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia ngazi ya taifa, mkoa, wilaya, kata, hadi chini kabisa kijijini. Juu kuna Idara ya Usimamizi wa Maafa, Ofisi ya Waziri Mkuu. Mvua waulizwe Mamlaka ya Hali ya Hewa, miamba na matetemeko waulizwe wajiolojia wa serikali. Lakini kumbukumbu zenyewe, hasa za matukio madogo, ziko kwa wenyeviti wa mitaa na kwa wazee. Ofisini hufika lile lililobomoa nyumba nyingi au kuua. Mto uliokula nusu ya shamba la mtu mmoja hauandikwi, na ungeandikwa kila mwaka ungeonyesha unakoelekea.

ATUPELE: Tuanze na Kyela basi, maana Kyela kila mtu anajua kuna mafuriko.

LUSEKELO: Kyela ni bondeni, mita kama 500 tu juu ya usawa wa bahari, kando ya Ziwa Nyasa. Juu yake umekaa Mlima Rungwe, karibu mita 3,000. Kati ya hapo na hapo ni mwendo mfupi kwa gari. Sasa mvua ikinyesha Tukuyu, ambako ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote Tanzania, maji yanashuka kwa mito, kwa Kiwira, kwa Mbaka, kwa Lufilyo, na yakifika kule tambarare mwendo unakwisha. Yanatapakaa. Aprili na Mei ndiyo miezi yake.

ATUPELE: Na kuna Mto Songwe.

LUSEKELO: Songwe una lake la ziada. Unahama njia. Mto ndio mpaka wetu na Malawi, kwa hiyo ukihama, mtu anaamka shamba lake liko ng'ambo. Ndiyo maana nchi mbili zimekaa pamoja kulishughulikia bonde lile. Tathmini ya Kyela peke yake haitoshi, kwa sababu maji yake yanatoka Rungwe, yanatoka Ileje, yanatoka Malawi. Mpaka wa wilaya umechorwa na watu, mto hauujui.

ATUPELE: Mimi nataka nikae hapo kidogo. Ukienda Kyela ukaingia nyumba ya siku nyingi, mwenyeji atakuonyesha mstari wa tope ukutani. Atakwambia huu ni wa mwaka fulani, huu wa chini yake ni wa mwaka mwingine, na ule wa juu kabisa ni wa mwaka mtoto wake fulani alipozaliwa. Ile ni takwimu kamili! Ina kimo, ina mwaka, ina mahali. Kinachotakiwa ni mtu wa kata apite na futi kamba apime kutoka sakafuni, aandike. Nyumba hamsini ukizipima hivyo una ramani ya mafuriko ya kijiji, na haujatumia hela ya mtu.

LUSEKELO: Na haraka, maana ukuta ukipigwa plasta mpya kumbukumbu imekwenda. Halafu watu wa Kyela hawakai pale kwa kutojua. Maji yaleyale ndiyo yanaleta udongo unaootesha ule mpunga tunaousifia nchi nzima. Ukiandika kwenye ripoti "wananchi wahame bondeni" umeandika kitu kisichotekelezeka. Andika: msingi wa nyumba uinuliwe kiasi gani, choo kikae wapi kisichanganyikane na kisima, mbegu na chakula viwekwe darini. Kipindupindu huwa kinafuata nyuma ya mafuriko, na chanzo chake ni choo kilichofurika.

ATUPELE: Sasa kuna ile njia ya kutoa alama. Uwezekano wa tukio unapewa moja hadi tano, madhara moja hadi tano, unazidisha. Nimeikuta kwenye mafunzo mengi, na ina kasoro ambayo inanisumbua kweli. Mafuriko ya Kyela: uwezekano 5, kwa sababu huja karibu kila kifuku, yaani msimu wa mvua. Madhara tuseme 2. Ukizidisha, 10. Tetemeko kubwa la ardhi: uwezekano 2, madhara 5. Ukizidisha, 10 vilevile. Kwenye jedwali vimekaa mstari mmoja!

LUSEKELO: Wakati maandalizi yake hayafanani hata kidogo.

ATUPELE: Hayafanani. La kila mwaka linataka bajeti ya kila mwaka, boti, dawa ya maji, watu wa kupiga filimbi usiku. La mara moja katika karne linataka namna ya kujenga, leo, kabla halijaja, kwa sababu likija hakuna muda wa kufanya chochote. Ukiyaweka kwenye namba moja, mkuu wa idara atatoa hela kwa lile alilolizoea na lile jingine litasubiri miaka yote. Ningeshauri kila janga lipewe safu yake ya muda: la mwaka, la muongo, la karne, la maelfu ya miaka.

LUSEKELO: Na hata hilo la karne watu hulielewa vibaya. Wataalamu wakisema "mafuriko ya miaka 100", mtu anadhani yakishakuja basi tumepona miaka mia. Maana yake ni kwamba kila mwaka kuna nafasi moja kati ya mia. Ukijenga nyumba ya kukaa miaka 30, nafasi ya kukutana nayo angalau mara moja ni kama asilimia 26. Robo na kitu. Nani angepanda basi akiambiwa moja kati ya kila manne litapinduka?

ATUPELE: Twende mjini Mbeya. Itezi.

LUSEKELO: Aprili 2024 tope lilishuka kutoka Mlima Kawetere, likafukia nyumba za watu pale Itezi, hadi shule. Miezi michache kabla, tarehe 3 Desemba 2023, Mlima Hanang uliporomosha tope na mawe hadi Katesh, wakafa watu zaidi ya 80. Baada ya Hanang nchi nzima ilijua tope la mlimani linaweza kufanya nini. Kifuku hichohicho likatufikia sisi.

ATUPELE: Na mvua ile ilikuwa ya mwaka wa El Niño.

LUSEKELO: Ndiyo, lakini mvua peke yake haiporomoshi mlima. Udongo unajaa maji siku baada ya siku, na siku ya mwisho inaweza kuwa mvua ya kawaida tu. Kwa hiyo kwenye tathmini usiandike mvua ya siku ya tukio peke yake, andika jumla ya wiki mbili zilizotangulia. Halafu angalia mteremko: nani alikata msitu, nani alichonga mlima apate uwanja wa kujenga, barabara ya mtaa imepeleka maji yake wapi. Mji wa Mbeya umebanwa na milima, Loleza huku, Uporoto kule, na watu wanaongezeka, kwa hiyo nyumba zinapanda. Kila mwaka zinapanda.

ATUPELE: Dalili zake mtu wa kawaida anaziona?

LUSEKELO: Anaziona sana. Ufa ardhini juu ya nyumba, wa kukingama mteremko. Chemchemi inatokea mahali ambapo haikuwepo. Mti au nguzo ya umeme inaanza kuinama. Mlango uliokuwa unafunga vizuri unakwama. Maji ya korongo yanageuka tope ghafla, au yanapungua ghafla wakati mvua inaendelea. Hiyo ya mwisho ni mbaya kuliko zote, ina maana kitu kimeziba huko juu na kitazibuka. Hapo usichukue godoro, chukua watoto muondoke, na msishuke kwa kufuata korongo. Nendeni pembeni.

ATUPELE: Tetemeko. Watu wa Mbeya wanatikiswa mara kwa mara, wanazoea, wanarudi kulala.

LUSEKELO: Tumekaa mahali ambapo matawi matatu ya bonde la ufa yanakutana: Rukwa, Usangu, na Nyasa. Tarehe 13 Desemba 1910, wakati wa Wajerumani, Rukwa ilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 7.4, kubwa kuliko yote yaliyopimwa Afrika Mashariki katika karne nzima ya 20. Linganisha na la Kagera la 10 Septemba 2016, lilikuwa 5.9 na tuliona Bukoba ilivyokuwa. Lile la Rukwa lilitoa nguvu zaidi ya mara 150 ya la Kagera. Na Desemba 2009 wenzetu wa Karonga, hapo tu ng'ambo ya Songwe, walitikiswa wiki nzima na zaidi, kubwa lake likafika kama 6.0, nyumba zikaanguka na watu wakafa.

ATUPELE: Mwaka 1910 nyumba zilikuwa za miti, mianzi na nyasi. Likitikisa, nyumba inayumba inarudi.

LUSEKELO: Leo ni tofali la kuchoma, tena limeunganishwa kwa udongo, na bati juu. Tofali ni zuri, silikatai. Ila fundi akimaliza lenta ya mlango na dirisha anaruka, hafungi mkanda wa zege na nondo kuzunguka nyumba yote. Kuta nne zimesimama kila moja peke yake. Mkanda ule ndio unaozishikanisha zisifunguke pembeni. Gharama yake ni nondo kadhaa na mifuko ya saruji. Ningependa kila tathmini ya wilaya iwe na ukurasa mmoja unaohesabu shule, zahanati na makanisa: hili lina mkanda, hili halina. Basi. Ukurasa mmoja.

ATUPELE: Volkano tuigusie, maana wageni wakisikia Rungwe ni volkano wanashangaa tunalima chai juu yake.

LUSEKELO: Kyejo, volkano jirani ya Rungwe, ilitoa lava yapata mwaka 1800, ni juzi tu. Rungwe yenyewe ililipuka vibaya sana miaka kama 4,000 iliyopita. Ukipita barabara ya Tukuyu pale ilipokatwa kilima, utaona tabaka la vijiwe vyepesi vyenye matundu. Chukua kimoja ukitie kwenye ndoo ya maji, kinaelea. Kilirushwa angani kutoka mlimani. Wanasayansi walichimbua matope ya chini ya Ziwa Masoko, lile ambalo wengi wanalijua kwa hadithi za sarafu za Wajerumani, wakakuta majivu ya milipuko mbalimbali yamelala matabaka kwa matabaka. Kwa jedwali la wilaya, hii ni safu ya karne na maelfu ya miaka. Kinachotakiwa ni vipimo vya mitetemo viwepo na visomwe. Lakini kuna jambo la volkano la kila siku: gesi.

ATUPELE: Hewa ya ukaa, kaboni dioksidi.

LUSEKELO: Kule Busokelo inatoka ardhini, hata kiwanda kinaikusanya. Haina rangi, haina harufu, ni nzito kuliko hewa tunayovuta, kwa hiyo inatulia kwenye mashimo na mabonde madogo, hasa asubuhi isiyo na upepo. Ukiona ndege na wadudu wamekufa kwenye kishimo, usiingie. Mbuzi akiangukia humo, usimfuate. Wanaokufa kwa gesi hii mara nyingi ni wawili: aliyetangulia na aliyekwenda kumtoa. Vishimo hivyo wazee wanavijua kwa majina. Viwekwe kwenye ramani ya kijiji na vizungushiwe uzio.

ATUPELE: Turudi kwa kijana wako na dalali wake. Amekuja kukuomba ushauri, unamwambia nini?

LUSEKELO: Asinunue kiangazi. Aende Machi au Aprili, mvua imeshiba, asimame pale kiwanjani saa nzima na mwavuli aone maji yanapita wapi. Aulize jirani aliyekaa muda mrefu, asimuulize muuzaji. Kisha aende kwa mwenyekiti wa mtaa, amuombe daftari la matukio.

ATUPELE: Na kama mtaa hauna daftari?

LUSEKELO: Mingi haina, na hilo ndilo ninalolidai. Daftari la kawaida la karatasi, kila mtaa na kila kijiji: tarehe, mahali, nini kilitokea, maji yalifika kimo gani, nyumba zipi. Mauziano ya viwanja yanasainiwa mbele ya mwenyekiti. Kabla hajagonga muhuri, afungue daftari amsomee mnunuzi kwa sauti kilichowahi kutokea pale.

ATUPELE: Wauzaji hawatapenda.

LUSEKELO: Hawatapenda. Asome hivyohivyo.