Mdai Alishindwa, Kanuni Ikabaki

Ndugu wasikilizaji, nimeombwa nizungumzie hukumu mpya za mabadiliko ya tabianchi katika nchi mbalimbali. Nitaanza na shauri ambalo mdai alishindwa.

Tarehe 28 Mei 2025, mahakama ya rufaa ya Hamm, Ujerumani, ilitupilia mbali dai la mkulima mmoja wa Peru dhidi ya RWE, kampuni kubwa ya umeme. Nyumba yake iko Huaraz, chini ya ziwa Palcacocha, linalofura kadiri barafu ya milima ya Andes inavyoyeyuka. Hakudai utajiri. Alitaka kampuni ilipe chini ya nusu asilimia ya gharama za kuukinga mji na mafuriko, kulingana na mchango wa kampuni hiyo katika gesijoto zote zilizotolewa duniani tangu enzi za viwanda zianze. Alifungua shauri mwaka 2015. Baada ya karibu miaka kumi, akatoka mikono mitupu.

Kwa nini? Wataalamu waliona uwezekano wa mafuriko kuifikia nyumba yake ndani ya miaka 30 ni takriban asilimia 1 tu. Mahakama ikasema hatari hiyo ni ndogo mno.

Sasa someni sababu za hukumu. Majaji walikubali kwamba, kwa sheria ya kawaida ya kulinda mali, mtoaji mkubwa wa gesijoto anaweza kuwajibishwa kwa madhara yanayotokea nchi nyingine. Umbali si kinga, wala kuwa na kibali cha serikali. Amri ya mahakama huwabana wahusika wa shauri peke yao, lakini sababu zake husomwa na mawakili popote walipo.

Jambo kama hilo lilitokea Uholanzi. Mwaka 2021, mahakama ya The Hague iliiamuru Shell ipunguze gesijoto kwa asilimia 45 ifikapo 2030. Novemba 2024, mahakama ya rufaa ikakifuta kiwango hicho, ila wajibu wenyewe wa kampuni kupunguza ikauacha.

Kuna pia swali la nani anaruhusiwa kushtaki. Aprili 2024, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua shauri la wanawake wazee wa Uswisi dhidi ya nchi yao, waliolalamika kwamba joto kali linahatarisha afya zao. Wanne waliojitokeza kila mmoja kwa nafsi yake walikataliwa. Chama chao kikasikilizwa, kikashinda. Naona uamuzi huo una uzito kuliko watu wanavyoutambua, maana umefungulia vyama mlango ulioendelea kuwa mgumu kwa mtu mmoja mmoja.

Halafu Julai 2025, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni ya ushauri kwa kauli moja, kufuatia kampeni iliyoanzishwa na wanafunzi wa sheria wa visiwa vya Pasifiki. Ilisema kwamba nchi isiyochukua hatua zinazofaa, hata katika kutoa leseni na ruzuku za mafuta na makaa, inaweza kuwa imevunja sheria ya kimataifa. Ni kweli, maoni ya ushauri hayafungi kama hukumu. Hata hivyo, wakili atakayesimama kesho mbele ya jaji wa nchi yake atakuwa nayo mkononi.

Turudi Hamm. Mdai atakayefuata katika mahakama hiyo huenda asihitaji tena kubishania umbali. Bado atatakiwa kuthibitisha, pamoja na mengine, kwamba hatari inayomkabili ni kubwa vya kutosha, si ndogo kama ile ya asilimia 1.