Tanga la Pili

(Mazungumzo yaliyotolewa Ngamiani, Tanga, katikati ya Desemba)

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu, shikamooni. Ahsanteni kwa kuja na jua hili.

Nimeombwa nizungumze kuhusu watu ambao sikukuu kwao ni mzigo. Nimekuwa muuguzi miaka thelathini na mmoja, lakini jambo hili sikujifunza wodini. Nilijifunza dukani, mbele ya mkasi.

Mimi na dada yangu, tangu tuanze kujitegemea, kila Krismasi tulinunua doti moja ya kanga tukagawana. Kipande changu, kipande chake. Na kwa kuwa kwetu Muheza sisi Wabondei nyumba moja ina Yohana na Juma, Idd nayo tuligawana. Muuzaji wetu, mzee wa hapa hapa Ngamiani, alishatuzoea. Alitandaza doti, akatafuta pale kati pindo zinapokutana, akakata bila kuuliza.

Dada alifariki Septemba, miaka kadhaa iliyopita. Desemba nikaenda dukani peke yangu, wala sikuwa na haja ya kanga. Miguu tu ilinipeleka. Nikachagua. Mzee akachukua mkasi, akaniangalia. "Nikate kama siku zote, mwanangu?"

Sikuweza kujibu. Nimeshika pindo la kanga, nyuma yangu watu wanasukumana, redio inaimba Krismasi. Mama mmoja anayenifahamu akanishika bega: "Jikaze, dada. Sikukuu hii, usilie." Alinitakia mema, sina shaka. Lakini koo lilinikaba. Yule mzee akaweka mkasi chini, akanisogezea kigoda, akasema: "Mwenzio alikuwa hataki manjano. Mara ngapi nimemtolea ya manjano akanirudishia!"

Nikalia. Na katikati ya kilio nikacheka, maana ni kweli, dada alikuwa akisema manjano inamfanya aonekane mgonjwa. Kanga sikununua siku hiyo. Ila nilitoka pale napumua.

Ninachotaka kuwaambia leo kimo ndani ya duka lile.

Sisi watu wa huku tunajua kufariji. Mtu akifiwa hatungoji kuambiwa: majamvi yanatandikwa, masufuria yanakuja, wanawake wanalala na mfiwa, daftari la rambirambi linazunguka. Tukishaanua tanga kila mtu anarudi kwake. Arobaini tunakutana tena, kwa hitima au kwa ibada. Halafu kimya. Miezi inapita, sikukuu inaingia, na mfiwa anafiwa upya. Safari hii hakuna jamvi, na ukutani kwa jirani kunanukia pilau. Mimi hali hiyo naiita tanga la pili.

Wahenga walisema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Msibani ni sawa. Lakini sikukuu mfiwa hawezi kuanza, anaogopa kuwaharibia watoto furaha. Basi aanze wa mbali. Mtaje marehemu kwa jina lake. Sema alipenda nini, alikataa nini. Najua mnachoogopa, kwamba mtamkumbusha. Humkumbushi, hajasahau. Anachokosa ni mtu mwingine anayekumbuka.

Mwaka 1999 watafiti wawili wa Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, walieleza kwamba mfiwa haendi njia moja iliyonyooka kutoka kwenye huzuni hadi kwenye nafuu. Anakwenda na kurudi. Saa hii yuko na aliyempoteza, saa ijayo yuko na ada ya shule na bati linalovuja, na kwenda na kurudi huko ndiko kunakomsaidia kupona. Nilipoyasoma niliiona bahari yetu pale Raskazone. Nani kati yetu hajui kwamba maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kwamba likija bamvua yanafika mahali ambapo jana palikuwa pakavu? Sikukuu ni bamvua. Kwa hiyo mkimwona mwenzenu anacheka saa saba mchana na saa moja jioni ameacha sahani yake amejifungia chumbani, msimwambie, "Mbona mchana ulikuwa mzima?" Mchana alikuwa mzima kweli. Sasa maji yamejaa.

Na si kifo peke yake. Yuko aliyeachika mwaka huu, yuko ambaye kijana wake yuko mbali na hapokei simu, yuko aliyepoteza kazi na watoto wanauliza nguo mpya. Huyu wa mwisho hujificha hata kwa ndugu zake, kwa kuwa tumemfundisha kwamba mkono mtupu haulambwi. Naomba sikukuu hii methali hiyo tuiweke kando. Mfuateni aliko.

Hapa nizungumze kidogo kama muuguzi. Huzuni ya msiba si ugonjwa, na haina haraka. Eda ya mjane katika Uislamu ni miezi minne na siku kumi. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, linahesabu huzuni ya msiba kuwa maradhi pale tu inapopita miezi sita na zaidi, imemkamata mtu vile vile, hawezi kuendesha maisha. Lakini mtu akisema hataki kuishi, hapo msihesabu miezi. Muulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimtii wazo hilo kichwani, linamfungulia mlango. Msimwache peke yake, mfikisheni hospitali siku hiyo hiyo.

Wengine mtasema, sisi si wataalamu. Sikilizeni habari ya Harare. Daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, mwaka 2006 alianza kuwafundisha mabibi wa mtaani kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kumsikiliza mtu aliyelemewa na mawazo. Mabibi! Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Utafiti ulianza na watu 573, na kati ya waliofuatiliwa hadi miezi sita, nusu ya waliopata huduma ya kawaida walikuwa bado na dalili za sonona. Kwa waliokaa na mabibi ni kama 14 tu katika kila mia. Nilipoisoma habari hiyo nilitoka nje nikaitazama baraza ya nyumba yetu. Benchi tunalo, la saruji, tangu enzi za babu. Siku hizi tunaanikia nguo.

Mkipeleka sahani ya pilau kwa mfiwa, msiikabidhi mlangoni mkakimbilia nyingine. Funueni kawa, kaeni, kuleni naye matonge mawili. Akinyamaza, nyamazeni naye.

Wiki iliyopita nilirudi kwa yule mzee. Amezeeka, anavaa miwani mizito. Nimechagua doti ya bluu, akaitandaza, akatafuta pale kati, akashika mkasi, lakini hakukata. Aliningoja. Binti wa dada yangu anashuka kutoka Korogwe tarehe 24, na ameniambia kwenye simu kwamba yeye nguo ya manjano anaipenda, ila mwaka huu atavaa yoyote nitakayomgawia.

Nikamwambia mzee, "Kata."