Boksi la besi la inchi 15: kata, gundisha, piga

Habari zenu, wapenda besi! Karibuni karakana. Leo tunajenga boksi moja la spika ya inchi 15, la kwenda nalo kwenye shughuli: harusi, kigodoro, besidei ya mtoto, popote panapotakiwa muziki mnene. Hapa nina plaiwudi moja ya futi 4 kwa 8, unene milimita 18. Inatosha boksi zima, na mabaki yanatosha mbao za kuimarisha ndani. Chipubodi iacheni dukani hata kama bei inavutia. Ikilowa mara moja inavimba, na shughuli zetu za uani mvua haipigi hodi. MDF, ule ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, inalia vizuri, sikatai, ila ni nzito na pembe zake zinamomonyoka ukishapanda na kushuka nayo kwenye bajaji.

Kabla sijawasha msumeno, nisikilizeni. Watu wananunua wati. "Fundi, nataka wati elfu!" Mimi nakwambia nunua ujazo. Spika ya bei ya kawaida ndani ya boksi lililopigiwa hesabu inaipita spika ghali iliyofungwa kwenye boksi la kukisia. Spika nzuri inakuja na karatasi yenye Fs, Qts na Vas, namba zinazoeleza tabia ya spika. Usiitupe! Hesabu za maboksi ya aina hii, yenye mabomba ya kupitishia hewa, mhandisi wa Australia, Neville Thiele, alizichapisha mwaka 1961, Richard Small akaziendeleza miaka ya 1970, na leo unazijaza tu kwenye programu ya bure kama WinISD, inakwambia lita ngapi.

Spika yangu hii imetaka lita 150, na mabomba yalie kwenye hezi 40, yaani mitetemo 40 kwa sekunde. Hiyo 40 nimeichagua kwa makusudi. Uzi mzito kabisa wa gitaa la besi la nyuzi nne unapiga kama hezi 41, kwa hiyo dansi lote limo ndani. Na singeli, kwa kasi ile, inataka boksi linalogonga na kunyamaza papo hapo, lisivutevute. Anayependa 30 apige 30 yake, mimi pale kwenye kigodoro nataka kusikia kila pigo peke yake.

Vipimo, andikeni. Ndani kimo sentimita 60, upana 50, kina 55. Hizo ni lita 165. Spika, mabomba na mbao za ndani vinakula kama 15, unabaki na 150. Kwa hiyo unakata ubavu mbili za 60 kwa 55, juu na chini 53.6 kwa 55, mbele na nyuma 53.6 kwa 63.6. Huna meza ya msumeno? Mpelekee seremala wa mtaani, anakukatia pembe zikiwa mraba. Nimeshakata, twendeni.

Tundu la spika. Hapa taratibu, tena taratibu sana. Inchi 15 ni sentimita 38. Sogeza kamera... bado... hapo. Mnaona ukingo huu wa nje? Ndio wenye hizo 38 na ushee. Lakini kinachozama kwenye ubao ni hiki kiuno cha nyuma, na kiuno cha spika hii ni 35 na nusu. Ukikata 38, spika inatumbukia, skrubu hazina pa kushika, na ubao wako wa mbele umekuwa kuni. Pima kiuno, usipime ukingo! Na usichukue namba yangu, maana spika hazilingani. Pima ya kwako.

Chukua kipande chembamba cha mbao, piga msumari mwisho mmoja, toboa tundu la penseli sentimita 17.75 kutoka kwenye msumari. Hiyo ni nusu ya 35.5. Nusu, jamani, maana msumari uko katikati. Zungusha. Umepata duara safi. Sasa toboa kwa drili ndani ya mstari, ingiza jigso, kata ukiuacha mstari unaonekana kwa nje. Jigso isilale upande, isimame wima mwanzo mpaka...

Umeme umekatika. Ngojeni.

Haya, umerudi. Kivuli kimehama kidogo, vumilieni. Tulikuwa kwenye tundu. Likipungua, msasa upo, unalikuza polepole mpaka kiuno kiingie. Likizidi, ubao haurudi. Kwa hiyo nasema tena: kiuno, si ukingo.

Mabomba. Hili ni bomba la PVC la maji taka la inchi 4, kipenyo cha nje milimita 110. Matatu, kila moja sentimita 24, kwenye mstari mmoja chini ya spika. Wengine wanaweka moja wakidhani ni pambo, halafu wanashangaa boksi linakoroma kama mtu mwenye mafua. Upewe nafasi upepo! Bomba likiwa dogo, hewa inapita kwa kasi na unaanza kuusikia upepo wenyewe badala ya besi. Parua PVC kwa msasa pale inapogusana na ubao, halafu tumia epoksi. Gundi ya mbao haishiki plastiki, usipoteze muda wako.

Kuunganisha ni kazi ya kawaida: gundi, klempu, skrubu kila sentimita 10, na kila skrubu itanguliwe na tundu dogo la drili ili plaiwudi isipasuke. Ubao wa mbele nauweka mwisho. Ndani nafunga mbao mbili, moja toka ubavu hadi ubavu, nyingine toka mbele hadi nyuma. Sikilizeni nikigonga kwa ngumi kabla... na baada. Mmesikia? Mlio umekuwa mfupi. Ubavu unaotetemeka unakula nguvu ambayo ingetoka kwenye koni, ile sehemu ya mbele ya spika inayocheza.

Simama hapo hapo. Rudi kona ya chini kulia. Hapo kuna mwanga unapita, kamera imeuona kabla ya jicho langu. Vizuri, tuzibe. Gundi na unga wa mbao, koroga mpaka iwe kama uji mzito, sindilia kwa kisu, halafu pitisha gundi kwa kidole kona zote za ndani, hata zile zinazoonekana zimeshikana. Hewa itoke kwenye mabomba tu. Ikipenyea kwenye kona, boksi linapiga mluzi na besi inapwaya.

Waya. Natumia wa milimita za mraba 2.5. Kama huamini alama za spika yako, chukua betri ya volti 1.5, gusisha chanya kwenye chanya. Tazameni koni... imeruka nje. Ikiingia ndani, alama zimegeuzwa. Hili lina uzito ukiwa na maboksi mawili: moja likisukuma wakati jingine linavuta, besi inakufa katikati ya uwanja, na watu wanalaumu amplifaya. Na mawili ya omu 8 ukiyafunga sambamba, amplifaya inaona omu 4. Soma nyuma ya amplifaya yako kama inazibeba. Bandika sponji nyembamba ya kuzibia milango chini ya ukingo, kaza bolti kwa kuvukana, moja huku, moja ng'ambo.

Sasa sehemu ninayoipenda kuliko zote! Simu hii ina programu ya kutoa mlio mmoja. Naanza hezi 60, sauti ndogo. Koni inacheza. Nashuka 50... 45... 40. Tazameni koni: imetulia, karibu imesimama. Sasa tazameni karatasi hii niliyoishika mbele ya mabomba, inavyopepea! Kazi imehamia kwenye mabomba. Ndivyo unavyojua hesabu imekubali. Koni yako ikitulia kwenye 46, mabomba ni mafupi. Ikitulia kwenye 35, ni marefu, punguza kidogo kidogo.

Nikishuka mpaka 28, koni inaanza kurukaruka bila breki, na nauzima mlio haraka. Chini ya mlio wa mabomba hakuna hewa inayoizuia. Kwa hiyo kwenye krosova, kile kifaa cha kugawa sauti kabla ya amplifaya, kata kila kilicho chini ya hezi 35. Kata, usibishane na DJ. Na taa nyekundu ya amplifaya ikiwaka mfululizo, shusha sauti, koili, ule waya uliozungushwa ndani ya spika, inaungua hapo.

Ukijenga la pili, yapange pamoja chini, yagusane, usiweke moja kila kona ya uwanja. Besi zinasaidiana zikikaa jirani.

Rangi na vishikio ni video inayofuata. Kwa asiye na jigso, nauza mbao zilizokwisha kukatwa. Andika hapo chini unataka maboksi mangapi, na kiuno cha spika yako ni sentimita ngapi. Ukiniandikia 38, nitakurudisha ukapime upya.