Ukuta Mmoja, Nyumba Mbili: Kutengeneza Nyumba za Mji Mkongwe

Assalaam alaykum, wazee wangu, mabibi na mabwana.

Nyumba ya Mji Mkongwe wa Zanzibar huanzwa kutengenezwa juu, kwenye paa. Wengi huanza na rangi ya mbele kwa kuwa ndiyo wanayoiona wapita njia. Lakini nyumba zetu za safu, zile zenye duka chini na makaazi juu walizojenga wafanyabiashara wa Kihindi, adui yao ni maji.

Tuutazame ukuta wenyewe. Ni mawe ya matumbawe, chokaa na udongo, mnene kweli kweli. Unyevu huingia na kutoka, miaka nenda miaka rudi, na ukuta hauna neno. Sasa aje fundi aupige lipu ya saruji. Inaganda upesi, inapendeza, mwenye nyumba anafurahi. Ila unyevu uliomo ndani hauna tena pa kutokea. Unapanda na chumvi yake, na chumvi ikikauka nyuma ya lipu inaisukuma. Masika mawili matatu yakipita, gonga ukuta kwa vidole: utasikia mvungu. Ukibandua, lipu inatoka na vipande vya jiwe. Chokaa inachelewa kukauka na inataka kurushiwa maji, na fundi anataka kulipwa leo, najua. Hata hivyo ukuta ule unataka chokaa.

Halafu boriti. Ndizo zilizoamua upana wa vyumba vyetu, maana boriti ya mkoko kwa kawaida haivuki zaidi ya mita 3 hivi. Kuoza kwake huanzia kichwani, pale inapozama ukutani, jicho lisipofika. Chukua bisibisi uchome. Ikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, sitisha kila kitu, simamisha miti ya kuegemeza dari. Na ukuta ule mara nyingi ni wa shirika: upande wa pili zimelala boriti za jirani. Ukibomoa kwako, unamtikisa yeye.

Maisha ya kisasa siyapingi. UNESCO iliuingiza mji huu katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, lakini hatuwezi kuambiwa tuoge kwa ndoo ili watalii wapate picha. Vyoo vipangwe kimoja juu ya kingine, bomba lipite nje upande wa uani ili likivuja lionekane. Nyaya zipite juu ya lipu, tusichimbe ukuta. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani nzima. Likae juu ya ukuta, si katikati ya boriti. Na maji ya kiyoyozi, jamani, yawekewe mpira yafike chini.

Beit al-Ajaib, jumba la humu humu mjini la mwaka 1883, lilianguka sehemu yake Desemba 2020, tena likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafariki. Kwa hiyo mhandisi aitwe kabla ya nyundo.

Gharama ni kubwa, sikatai. Ndiyo maana napenda majirani watatu wa safu moja watengeneze mapaa na mifereji kwa pamoja: jukwaa moja la mafundi kupandia, chokaa ya pamoja, kibali kiombwe Mamlaka ya Mji Mkongwe kwa wakati mmoja. Jirani akiwa mpangaji wa wakfu, barua iende Kamisheni ya Wakfu mapema, kazi iishe kabla ya masika.