Membreni ya UF imeziba? Tunaiosha leo hatua kwa hatua

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena hapa Mwanza kwenye mtambo wetu wa maji, leo tunaosha membreni ya UF, yaani chujio lenye vitundu vidogo sana, inayochuja maji ya ziwa na hii kazi naipenda kuliko zote. Mdogo wangu hebu sogeza kamera kwenye geji. Mnaona? Presha ya kuingia bar 1.4, ya kutoka 0.5, tofauti 0.9. Membreni yangu ikiwa safi tofauti ni 0.3. Kwaiyo msifuate kalenda, fuateni geji, ukiona tofauti inapanda na bakwoshi, yaani kusukuma maji kinyumenyume, hairudishi kitu, osha siku hiyohiyo, ukichelewa uchafu unashikana.

Ndani humu mna nyuzi kama tambi, zina tundu katikati, na kuta zake zina vitundu vya mikroni 0.01 mpaka 0.1, hata bakteria hapiti. Sasa matope ya mvua yanatoka ukisukuma maji kinyumenyume, shida ni ule ute wa mwani, unanata, na juu yake bakteria wanajenga utando wao. Alumu nayo, ile dawa ya kugandisha uchafu wa maji, ukizidisha inaganda humohumo.

Haya, zima pampu, funga maji ya wateja, bakwoshi dakika moja, mnajua hiyo, twende.

Dawa ya kwanza ni jiki, ile ya kawaida isiyo na harufu ya maua wala rangi. Tangi langu lita 100, jiki yangu ni asilimia 3.5, naweka mililita 570 hivi, napata klorini ya kama 200 ppm, yaani miligramu 200 kwa lita. Soma kitabu cha membreni yako kwanza, hii ya kwangu inavumilia klorini, ila zile za RO, za kutoa chumvi kwenye maji, nyingi zinaharibika kabisa, usije ukachanganya mambo. Zungusha kwa presha ndogo dakika 30 alafu acha ilowe saa moja.

Subiri subiri, kamera rudi hapo chini, yunioni, kile kiungio cha bomba, inavuja. Zima. Nakaza... bado... oringi, ule mpira wa kuzuia kuvuja, imekaa upande. Haya, imekaa. Vaeni glavu na miwani, matone kama haya yanaruka machoni.

Sasa nisikilizeni vizuri. Baada ya jiki tunaweka asidi ya sitriki, ule unga mweupe mchachu, inatoa chuma na chokaa. KABLA YA ASIDI SUUZA. Mwaka juzi nilisuuza dakika tano tu nikaona inatosha, nikamimina asidi, ikatoka gesi ya klorini, kifua kilinibana siku mbili na mlango ulikuwa umefungwa. Jiki na asidi havikutani. Sio kwenye tangi, sio kwenye bomba, sio hata kwenye shimo la kumwagia. Fungua madirisha yote. Suuza, pima maji yanayotoka kwa kipima klorini, kile cha matone kinachotumika kwenye mabwawa ya kuogelea. Hapa bado njano kidogo, mnaona? Bado. Endelea kusuuza. Nimerudi, sasa hakina rangi, lakini napima tena sehemu ya chini ya hauzingi, lile ganda la nje la membreni, kwa sababu pale maji yanatuama. Sawa, sifuri zote mbili.

Asidi sasa: kilo 1 kwa lita 100, karatasi ya pH inaonyesha 2 na kidogo, zungusha, lowesha saa moja, suuza mpaka pH irudi kama ya maji yako. Maji ya kusuuzia hayaendi ziwani.

Wakati inalowa niwaambie kinachonisaidia isizibe haraka: filta ya mchanga mbele yake, bakwoshi kila dakika 30, na kipindi mwani umejaa mimi napunguza kasi ya pampu, ndoo zinachelewa kidogo ila membreni inapumua. Na ukisimamisha mtambo usiiache ikauke, vitundu vinajifunga na maji hayapiti tena kama zamani, iache imejaa maji.

Haya washa. Maji ya kwanza tunamwaga. Kamera kwenye geji... kuingia 0.85, kutoka 0.5. Tofauti 0.35! Jamani angalieni hiyo. Mdogo wangu fungua bomba la wateja, wale mama wenye ndoo wameshasubiri sana.