Vimpeli: Nguo ya Tohara Inayofunga Torati

Mabibi na mabwana, kwanza tazameni mishono, rangi zitasubiri. Mkanda huu wa kitani, ambao Wayahudi wa Ujerumani huuita vimpeli na wa Alsace, mashariki mwa Ufaransa, huuita mapa, una mishono mitatu inayoukata kwa upana. Asiyejua atadhani fundi aliishiwa kitambaa. La hasha. Hii ni nguo aliyolazwa mtoto wa kiume alipotahiriwa, siku ya 8 tangu azaliwe.

Nguo hiyo, tuseme ya mraba wa sentimita 80, hufuliwa. Doa la damu huanzwa kwa maji baridi, maana ya moto huligandisha. Hukatwa vipande 4 vya upana wa sentimita 20, vikaungwa ncha kwa ncha na kupindwa kingo. Unabaki na mkanda wa mita 3 na ushee, wenye upana wa sentimita 18 hivi.

Maandishi ya Kiebrania huanzia kulia: jina la mtoto, la babake, tarehe, mara nyingi na picha ya buruji, yaani nyota ya kuzaliwa, kisha dua kwamba Mungu amkuze afikie Torati, hema la harusi na matendo mema. Hapo ndipo mafundi huponzwa. Jina hupewa herufi za kujinafasi, dua ikaishia kubanana ukingoni. Dawa ni kuchora herufi zote kwanza, ndipo hariri ipite. Herufi ikiangukia mshononi, sindano hukutana na kitambaa maradufu na mstari hupinda. Kuanzia karne ya 18 wengi walipaka rangi badala ya kudarizi: kazi nyepesi, lakini rangi hupasuka mkanda unapokunjwakunjwa, na kijani cha shaba hula kitani chenyewe.

Mtoto akifika miaka 3 hivi, huupeleka mkanda sinagogi, ukafungwa kwenye gombo la Torati.

Mwaka wa kalenda ya Kiyahudi husomwa kwa herufi za Kiebrania, kila moja ikiwa na thamani ya namba, elfu 5 zikiachwa. Tav ni 400, kof 100, yod 10: jumla 510. Ongeza 1240, upate 1750. Aliyezaliwa kati ya mwaka mpya wa Kiyahudi na Desemba, punguza mmoja. Angalieni sana hei, yaani 5, na het, yaani 8. Zinatofautiana kwa upenyo mdogo juu kushoto, na uzi ukichakaa hamwoni kitu. Mnakosea miaka 3. Siku ya juma ikiwa imeandikwa, ilinganisheni na kalenda kabla ya kuandika lebo.